Fyuzi ikikata, pita hapa kwanza kabla hujafunga waya mwingine

Fundi wa Kiboriloni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Baridi ya Juni na Julai ikishika huku Moshi, simu za mafundi umeme hazilali. Alfajiri nyumba moja inawasha heta ya kuogea, birika la chai na pasi ya sare za watoto, vyote kwa mpigo. Fyuzi inakata. Na mtu akiwa na sabuni mwilini hataki kujua imekata kwa nini, anataka umeme urudi. Ndiyo maana nikifungua vishikio vya fyuzi kwenye nyumba za zamani za Njoro, Majengo na Kiusa nakuta nyuzi za kebo zimesokotwa, karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, na hata msumari umekaa palipotakiwa kukaa waya wa fyuzi.

Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linaunguza nyumba za watu na hesabu yake haizidi ya shule ya msingi.

Umeme ukipita kwenye waya, waya unapata joto. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Zikiongezeka mara tatu, joto linakuwa mara tisa. Kwa hiyo waya wa kubeba ampea 20 ukiubebesha 40, usiseme umezidiwa kidogo. Plastiki yake inalainika, inapasuka, shaba inabaki wazi, na yote hayo yanafanyika ndani ya ukuta au juu ya silingi bodi, kwenye mbao kavu, mahali ambapo jicho lako halifiki.

Fyuzi ni kipande kifupi cha waya kilichofanywa makusudi kiwe chembamba kuliko waya wote wa saketi hiyo, kikawekwa ndani ya kasha lisiloshika moto, mahali unapofikia kwa mkono. Mkondo ukizidi, hicho ndicho kinachoyeyuka kwanza na saketi inafunguka. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi kule Marekani mwaka 1890, na mpaka leo kanuni ni ile ile.

Sasa hesabu. Gawa wati kwa volti 230 unapata ampea. Pasi ya wati 1,200 ni kama ampea 5. Birika la wati 2,000 ni karibu 9. Heta ya kuogea ya wati 5,000 ni karibu 22. Jumla 36. Kama vyote vimening'inia kwenye laini moja ya waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ilipokata ilikuwa kazini. Aliyeweka msumari amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi.

Ninalotaka mlishike ni hili: ukubwa wa fyuzi unachaguliwa kwa kuangalia waya. Usiangalie ukubwa wa friji, wala idadi ya vyumba, wala imekukera mara ngapi. Waya wa taa, milimita 1.5 za mraba, fyuzi ya ampea 5 au breka (swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi) ya 6 hadi 10. Waya wa soketi wa 2.5, fyuzi ya 15 au breka ya 20. Heta ya kuogea ya wati 5,000, waya wa 6 na breka ya 32, tena laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi na breka.

Kwa wenye fyuzi za zamani za kufunga waya: dukani upo waya wake maalumu, shaba iliyopakwa bati. Wa ampea 5 una unene wa milimita 0.20, wa 15 ni 0.50, wa 30 ni 0.85. Ukichomoa uzi mmoja tu kwenye kebo ya 2.5 yenye nyuzi saba, una milimita 0.67, tayari umepita hata waya wa fyuzi ya 20. Ukisokota nyuzi tatu kama ninavyozikuta, kebo ya ukutani itaungua na hiyo "fyuzi" yako itakuwa bado nzima inakutazama.

Maswali yaje, nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

---

Binti Rau

Naweka kambi hapa. Fundi, na ile fyuzi ya ndani ya plagi? Nimefungua plagi ya redio nimekuta 13, ya pasi 13, ya taa ya mezani 13. Zote sawa. Ndivyo inavyotakiwa?

---

Fundi wa Kiboriloni

Hapana dada. Wauzaji wanaweka 13 kila mahali kwa sababu ndiyo inayouzika. Kitu kisichofika wati 700, kama redio, taa au runinga, kinatosheka na fyuzi ya 3, ile yenye maandishi mekundu. Ya 13, ya kahawia, ni ya pasi, birika, jiko dogo, vitu vya kuelekea wati 3,000. Friji nayo mwachie 13, maana mota yake ikianza inavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi.

Ukubwa huo unaendana na waya mwembamba unaotoka kwenye plagi. Waya wa milimita 0.75 za mraba ni wa ampea 6 hivi. Ili ubebe 13 unahitaji wa 1.25. Sasa nenda kwenye meza za pale stendi uangalie ekstensheni za bei ya chini: soketi nne, plagi ina fyuzi ya 13, waya wake ukiuminya unahisi plastiki nyingi na shaba kidogo. Hapo waya utaungua kabla fyuzi haijastuka. Nikiona ekstensheni, jicho langu la kwanza linaenda kwenye maandishi ya ubavuni mwa waya. Yasipokuwepo, nairudisha mezani.

---

Mwalimu wa Fizikia Usa

Nikazie hapo kwa fundi. Plagi zetu za miguu mitatu tumezirithi kutoka Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shaba ilikuwa adimu, wakabuni mfumo wa soketi nyingi kuzungukwa na laini moja yenye fyuzi ya ampea 30, na kiwango cha plagi hiyo kikatoka mwaka 1947. Fyuzi ya 30 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, ndipo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo. Nchi nyingi za bara la Ulaya zina plagi zisizo na fyuzi kabisa.

Ukiivunja fyuzi halisi ya plagi utakuta mchanga mweupe mkavu umejaa ndani ya kikasha cha kauri. Wanafunzi wangu huwa hawaamini. Waya ukiyeyuka, pengo linajaa cheche inayoweza kuendelea kupitisha umeme hewani. Mchanga unainyonya hiyo joto, unayeyuka kidogo, unageuka kitu cha kioo kinachoziba njia. Kwa mchanga huo fyuzi hii ndogo ya sentimita mbili na nusu inaweza kukata shoti ya ampea 6,000 bila kupasuka. Za bandia nyingi ni tupu ndani.

---

Mama Saluni Pasua

Samahanini, mimi nina shida inayokwenda kinyume na mnayosema. Saluni kwangu kuna draya ya mkono ya wati 2,000. Plagi yake inapata moto mpaka huwezi kuishika, mguu mmoja umegeuka rangi ya kahawia na plastiki imeanza kunuka. Lakini fyuzi haijawahi kukata. Nimebadilisha nimeweka nyingine mpya, hali ni ile ile. Niliambiwa nimeuziwa fyuzi feki.

---

Fundi wa Kiboriloni

Dada, asante sana kwa swali hili, na tafadhali usiiwashe hiyo draya mpaka umalize kusoma.

Fyuzi yako inaweza kuwa halisi kabisa. Draya yako inavuta ampea 9, fyuzi ni ya 13, haina sababu ya kukata. Ugonjwa uko kwenye kiungo. Mahali pamoja skrubu imelegea, au mguu wa plagi haushikwi vizuri na soketi, umeme unapita kwa taabu. Chukua ukinzani mdogo tu wa omu 0.5 pale kwenye kiungo. Joto lake ni 9 mara 9 mara 0.5, kama wati 40. Mafundi redio wanalehemu kwa chuma cha wati kama hizo. Joto lote hilo limekaa kwenye kichwa cha skrubu ndani ya plastiki, na fyuzi haioni kitu kwa sababu ampea hazijazidi. Tena kiungo kibovu kinapunguza mkondo kidogo, hakiongezi.

Moto mwingi wa soketi unaanza namna hii. Fyuzi inahesabu ampea tu, kulegea haikujui, kwa hiyo hapa pua na kiganja chako ndivyo vya kutegemea.

Chomoa, fungua plagi, uniambie umekuta nini kwenye zile skrubu tatu.

---

Chalii wa Sakina

Wakuu mimi nitofautiane kidogo. Habari za fyuzi ni za enzi za babu. Huku Arusha nyumba mpya zote ni breka. Ikikata unainua tu kidole, umeme umerudi. Tuongelee breka.

---

Fundi Njiro

Chalii yangu, huko "kuinua tu kidole" ndiko kunakoniletea kazi. Breka nayo inalinda waya ule ule kwa sheria ile ile. Ndani ina bamba la metali mbili linalopinda likipata joto, hilo ni la kuzidiwa taratibu, na koili ya sumaku inayorusha swichi papo hapo, hiyo ni ya shoti. Breka iliyoandikwa C20, koili yake inaruka mkondo ukifika kati ya ampea 100 na 200. Kwa kuzidiwa kwa kawaida, ampea 29 zinaweza kupita karibu saa nzima ndipo bamba likate. Kwa hiyo ikikata ujue imevumilia.

Na kuna mtindo huu mjini: breka ya 20 inakata kila siku, mtu anang'oa anaweka ya 40. Waya ukutani ni ule ule wa 2.5. Huo ni msumari wa Fundi wa Kiboriloni, umevaa koti jipya.

La mwisho, angalia namba iliyo ndani ya kimstatili kwenye uso wa breka, mara nyingi 6000. Ni ampea za shoti inazoweza kuzikata bila kulipuka. Nyumba iliyo mita chache kutoka kwenye transfoma, shoti yake inaweza kufika maelfu ya ampea. Breka isiyo na namba hiyo sijawahi kumfungia mteja.

---

Fundi wa Kiboriloni

Fundi Njiro umenimalizia. Niongeze tu kwa Chalii: hata ukiwa na breka tupu kwenye bodi, fyuzi bado unazo kwenye plagi, ndani ya sabufa, ndani ya runinga, kwenye gari, hadi kwenye nguzo ya transfoma. Zile za nguzoni, moja ikikata inadondoka na kuning'inia ili mafundi wa TANESCO waione toka chini. Ni laini ya volti 11,000 au 33,000. Nimesikia vijana wakitaka kuirudisha kwa mti mrefu. Wakuu, hapo ni kifo cha mara moja. Piga simu, subiri.

Tena kuna hili la kijiti. Plagi ya miguu miwili haiingii kwenye soketi yetu, watu wanachomeka kijiti au kalamu tundu la juu ili vizibo vifunguke. Plagi ya miguu miwili haina fyuzi. Umeruka mlinzi wa 13 na waya wake mwembamba sasa unategemea breka ya 20 au 32 ya kwenye bodi. Nunua adapta yenye fyuzi.

---

Mama Saluni Pasua

Nimefungua. Ile ya waya wa bluu inazunguka kwa ukucha. Nyuzi zake ni nyeusi na zinakatika nikizigusa. Zile mbili nyingine zimekaza.

---

Fundi wa Kiboriloni

Ndiyo yenyewe. Kata waya wa bluu urudi nyuma mpaka uione shaba inayong'aa, na zile nyingine uzikate zilingane. Plagi iliyobadilika rangi tupa, usiisafishe. Funga mpya, kaza kwa bisibisi hadi mwisho, kisha uvute kila waya kwa mkono uone kama unatoka. Na soketi ya ukutani ibadilishwe pia, maana vibanio vya ndani vikishapata moto vinapoteza mbano, na plagi mpya itaungua hivyo hivyo. Soketi mwite fundi, zima meni swichi kwanza.

---

Mzee wa Mbokomu

Vijana hamjambo. Nina mashine ya kufulia niliyoletewa na mwanangu. Nikiigusa nikiwa pekupeku inanitetemesha mkono. Fyuzi haikati, breka haikati. Kuna nondo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, imepigwa nyuma ya nyumba tangu nyumba ijengwe. Je, hiyo ethi si ndiyo ingekata fyuzi?

---

Fundi wa Kiboriloni

Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usiiguse tena hiyo mashine, zima swichi ya kwenye bodi kwanza ndipo uichomoe.

Ulivyofikiri ndivyo ilivyokusudiwa, ila hesabu zinagoma. Waya wa umeme ukigusa bati la nje la mashine, mkondo unakimbilia kwenye ethi, unapita ardhini kurudi kwenye transfoma. Ardhi ina ukinzani. Fimbo nzuri kiasi inaweza kuwa na omu 20. Gawa 230 kwa 20, unapata ampea 11.5. Fyuzi ya 13 inaipitisha hiyo mchana kutwa. Na nondo ya zamani, iliyoliwa na kutu, kwenye udongo mkavu wa Januari na Februari, inaweza kuwa na omu nyingi zaidi. Fyuzi haistuki, breka haistuki, na bati la mashine limebaki na umeme linakusubiri.

Na moyo wa mtu, mzee wangu, unaweza kusimama kwa sehemu ya kumi tu ya ampea moja, hata pungufu. Fyuzi ya 13 ikuokoe vipi?

Kinachokufaa ni kifaa kingine, kinafungwa kwenye bodi, juu yake kimeandikwa RCCB na 30mA. Kinalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Vikitofautiana kwa ampea 0.03, maana yake unavuja mahali, pengine kwako, nacho kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe cha T cha kujaribia, bonyeza kila mara uone kama kinaruka. Hicho kiongezwe juu ya fyuzi na breka, kisiondoe chochote. Na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ethi kwa mita yake, asiitazame kwa macho akasema iko sawa. Mashine nayo ina mahali inavuja, ifunguliwe.

---

Mzee wa Mbokomu

Marahaba. Nimezima. Mwanangu anamleta fundi kesho.

---

Dereva wa Noah

Na sisi wa magari? Fyuzi ya honi ilikuwa nyekundu, gereji wakaniwekea ya kijani wakasema ni imara zaidi.

---

Fundi Njiro

Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Wamekuongezea mara tatu kwenye waya ule ule, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi. Rudisha nyekundu leo. Ikikata, tafuteni waya wa honi uliochubuka, mara nyingi ni pale unapopenya bati la injini.

---

Binti Rau

Swali la haraka: zile fyuzi za kioo za kwenye sabufa, nitajuaje kama imekatwa na shoti au imezidiwa tu?

---

Fundi wa Kiboriloni

Ishike kwenye mwanga. Kioo kikiwa kisafi na waya umekatika katikati tu, imezidiwa taratibu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kitu kama fedha kwa ndani, ni shoti, waya umegeuka mvuke papo hapo. Ukiona hiyo ya pili usiweke nyingine, itakwenda vile vile. Kuna kitu kimekufa ndani. Na ukinunua nyingine angalia herufi kwenye kofia: T ni ile inayovumilia mshituko wa kuwasha, F inakata upesi. Weka herufi ile ile na ampea zile zile.

---

Mfugaji Longido

Sisi tuna sola, betri ya volti 12. Volti 12 haimshtui mtu, fyuzi ya nini? Fundi aliyefunga hakuweka hata moja.

---

Fundi wa Kiboriloni

Ndugu yangu, volti 12 haikuumizi mkono lakini inachoma nyumba. Betri ya gari au ya sola ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000, na waya wa taa unakuwa mwekundu kabla hujafika mlangoni. Inveta (ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya wati 1,000 kwenye betri ya 12 inavuta ampea zaidi ya 83, kuliko vyombo vyote vya nyumba nyingi za hapa mjini vikijumlishwa.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukiiweka mbali, kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Laini ya inveta iwe na fyuzi yake kubwa, laini ya taa yake ndogo.

Na usichukue breka ya kawaida ya nyumbani ukaifunga hapo. Umeme wa TANESCO unafika sifuri mara 100 kila sekunde, cheche inajizimia. Umeme wa betri haufiki sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka hadi iyeyuke. Tafuta iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa betri, pamoja na volti zake. Maduka ya vifaa vya sola Arusha mjini wanazo. Muuzaji akikwambia ni sawa tu hizo nyingine, nenda duka la pili.